Mlango Alioufunga Mwakanyota

Ninyi mnaotia sauti za Kiswahili kwenye filamu kwa kompyuta, mkiwa mmejifungia chumbani na feni, mmeniomba nieleze nilivyoifanya kazi hii kabla yenu. Mimi sikusoma. Haya nayasema kwa kinywa, na mjukuu wangu Atupele anayaandika. Nimemwonya asiongeze neno lake hata moja, na sababu ya onyo hilo mtaiona mbele. Mwezi uliopita niliuza jenereta, nikayapeleka mabenchi kanisani, na banda langu la video hapa Ikolo sasa linatunziwa kakao. Tangu hapo sijatulia. Nikiketi, nasimama, nikisimama, naona kuna kitu nimekisahau. Kwa miaka ishirini na sita nilisema kwa vinywa vya watu wengine, na sasa kinywa changu mwenyewe hakijui pa kukaa. Nilichopata na nilichokosa katika kazi hiyo hakiwahusu. Nitasema kilichonifunza.

Kiingereza nilikipata kwa mlango wa jikoni. Baba yangu alikuwa akivuka Mto Songwe kufanya biashara, na nilipokuwa na miaka tisa aliniacha Karonga, ng'ambo ya mpaka, kwa shangazi yangu aliyeolewa huko. Kaka zangu walipelekwa shule. Mimi nilipelekwa kwa mwalimu mmoja nikampikie. Nilipika katika nyumba ile miaka kumi na mmoja, na mezani kilisemwa Kiingereza asubuhi na jioni, hata waliponisema mimi mwenyewe. Hivyo nilijifunza kwanza matusi, kisha sala, kisha yaliyobaki. Herufi sikuzijua na mpaka leo sizijui. Yale maandishi yapitayo chini ya picha, ambayo ninyi mnayategemea, kwangu ni siafu wanaohama tu.

Niliporudi nikaolewa. Marehemu babu yake Atupele alinunua televisheni na deki, akajenga banda la mianzi na bati, akamwajiri Bwana Gwakisa awe mfasiri. Bwana Gwakisa alikuwa mnadi wa ng'ombe mnadani, na sauti yake ilifika mahali ambapo yeye mwenyewe hajafika. Mimi niliuza karanga mlangoni. Siku moja koo lilimkauka katikati ya filamu, akanikabidhi kipaza sauti kama mtu anavyokupa mtoto umshikie ili afunge kiatu. Nikasema maneno mawili, na mwanamume mmoja akapaza sauti kutoka nyuma:

“Stelingi leo kapika nini?”

Nikamjibu kwa sauti ile ile ya stelingi, shujaa wa filamu: “Leo nakupika wewe.”

Banda zima likacheka, naye akacheka. Sikurudi tena kwenye karanga.

Bwana Gwakisa alinifundisha kwa miaka mitatu, kabla ya kuhamia Mbeya kwa binti yake. Alisema: Usiitangulie picha. Alisema: Itazame filamu peke yako kwanza, maana asiyeijua njia hamwongozi mgeni. Alisema: Neno likikupita, sema “Twende,” kwa kuwa katika kila filamu yuko mtu anayekwenda mahali. Neno hilo limeniokoa mara nyingi kuliko mlivyodhani mlipokuwa watoto mkinisikiliza. Na la mwisho alilisema akiwa ameushika mkono wangu: “Mama, stelingi ni mtoto wa watu. Usimpambe, usimchafue. Mfuate tu.” Yale matatu niliyashika. La nne ndilo nililolivunja.

Vifaa vyangu havikuwa vingi. Kipaza sauti nilikifunga kwa leso, kwa sababu mate ndiyo yanayokiua, si umri. Jenereta niliiweka nyuma ya migomba, hatua arobaini, ili ingurume mbali na maneno. Madirishani tulitundika magunia. Kwa koo nilikunywa maji ya moto yenye chumvi, sikunywa soda. Soda humfanya stelingi acheue wakati wa kuomba posa. Na mvua ya Kyela inapolipiga bati, mfasiri mwenye akili hunyamaza. Wengi wenu hupiga kelele kushindana na mvua. Mvua haijawahi kushindwa.

Sasa nisikilizeni juu ya sizoni ya Mwakanyota, filamu ile ya mfululizo.

Ililetwa na mfanyabiashara mmoja wa Tunduma, sahani za video zikiwa ndani ya mfuko wa sukari. Ilikuwa habari ya watu waishio angani katika zama zisizofika bado, ambao dunia yao imekauka, wakawa wanahama kutoka nyota hadi nyota kutafuta maji. Kiongozi wao alikuwa kapteni mwenye mvi upande mmoja wa kichwa. Jina lake la kwenye filamu lilikuwa refu na lenye sauti za kukohoa, kwa hiyo watu wa banda wakamwita Mwakanyota, wakasema lazima babu yake alitoka Busale. Walimpenda tangu sahani ya kwanza. Alizuia mwezi usiuangukie mji wa watoto. Alimpa mfungwa hewa yake mwenyewe. Alipoitwa alikwenda, hata kama aliyeita ni adui.

Ninyi mnajua kanuni ya stelingi: hafi, haogopi, hadhulumu. Basi katika sizoni ya pili chombo chao kilipasuka, hewa ikawa inakimbia, na upande wa pili wa mlango wa chuma akawa amebaki fundi wao, kaka wa mkewe Mwakanyota. Alikuwa anakuja mbio. Mwakanyota alikuwa na nafasi ya kumngoja. Hakumngoja. Aliogopa, akaubonyeza mlango ukafungwa, na shemeji yake akagonga, akagonga, akaacha. Wenzake walipofika, Mwakanyota akawaambia mlango ulijifunga wenyewe. Wakamwamini, wakamliwaza.

Nilitafsiri kama nilivyoona. Banda likanyamaza hata nikaisikia jenereta. Mzee Angolwisye, ambaye alikaa benchi la mbele tangu siku banda lilipojengwa, ndiye aliyesema.

“Aseme.”

“Atasema, mzee,” mtu akamjibu. “Ni stelingi.”

Kwa mgeni wa kwetu ni lazima nieleze. Kwa Wanyakyusa kosa la nyumbani haliishi kwa kusameheana moyoni. Mwenye neno hulitoa lote mbele ya ukoo, tangu mwanzo, bila kuficha. Kisha huletewa maji, akayatia kinywani na kuyapuliza chini, na waliokosewa wakafanya hivyo hivyo. Neno lisipotolewa, watoto huugua na mashamba hukataa. Mchungaji huiita toba, wazee huiita kutoa neno. Maji ni yale yale. Kwa hiyo watu wa banda hawakukasirika kwamba Mwakanyota aliufunga mlango. Mtu huogopa. Walikasirika kwamba amekaa nalo tumboni na bado anakula kwa mama mkwe wake.

Sahani zikapita. Mwakanyota akaokoa wengi, akawa halali tena mlango wa chumba chake ukiwa umefungwa, lakini hakusema. Kila Jumamosi saa tisa, kabla sijawasha, waliniuliza kama watu wanaoulizia mgonjwa: “Amesema?” Nami nikajibu: “Bado.” Wengine wakaanza kuniangalia mimi kwa chuki, kana kwamba ndimi ninayemzuia.

Katika sizoni ya nne alikwenda kwa mama mkwe wake. Niliitazama sahani ile peke yangu asubuhi, mara tatu. Alisimama mbele ya yule mama, midomo ikamtetemeka, nikasema moyoni, leo. Naye akasema: “Mama, mlango ulijifunga. Nilijaribu kwa nguvu zangu zote.” Mama wa watu akalia, akamkumbatia, akaenda kumchotea kikombe cha maji.

Nilizima nikatoka nje. Nilizunguka banda sijui mara ngapi. Picha ile ilikuwa imekamilika: machozi, kukumbatiana, maji. Maneno tu ndiyo yaliyoiharibu. Saa tisa nikashika kipaza sauti, na Mwakanyota alipofungua kinywa nikasema:

“Mama, mlango niliufunga mimi. Niliogopa. Nilimsikia akigonga.”

Mama akalia. Akamkumbatia. Akaleta maji. Mzee Angolwisye alisimama, akapiga makofi polepole, yale ya heshima, na wanawake waliokuwa nyuma wakapiga vigelegele. Watu waliondoka wakipeana mikono. Nami, kwa mara ya kwanza na ya mwisho, nilijiona fundi.

Katika benchi la pili siku ile alikuwapo Asajile. Alikuwa mkulima wa mpunga, mpole, asiyechelewa. Miaka minane nyuma, katika mafuriko, alikuwa akivuka Mto Mbaka kwa mtumbwi pamoja na shemeji yake Ipyana, kaka wa mkewe, wakiwa na magunia ya mpunga. Mtumbwi ukapinduka. Asajile alirudi peke yake, akasema maji yalimchukua mwenzake. Hakuna aliyemtilia shaka. Maji ya Mbaka hayahitaji ushahidi. Ila tangu hapo hakuvuka mto ule kwa mtumbwi. Alizunguka kupitia darajani, saa nzima zaidi, na watu walidhani ni huzuni.

Jumatano iliyofuata alikwenda kwa mama mkwe wake, Bibi Subilaga, akamkuta uani na ukoo wake wakianika mpunga. Akasema mbele ya wote kwamba Ipyana alimshika mguu majini, naye akampiga teke ili abaki na mtumbwi. Alisema yote. Kisha akasimama akingoja.

Bibi Subilaga aliinuka kwenye mkeka, akaingia ndani, akafunga mlango. Mkewe Asajile, Tumpe, akaingia nyuma ya mama yake. Wanaume wa ukoo wakaendelea kugeuza mpunga kama hayupo.

Niliyasikia hayo sokoni, nikaacha samaki niliokuwa nimeshanunua. Wiki tatu baadaye alikuja bandani kabla ya saa za filamu, amekonda.

“Ugonile, mama.”

“Ndaga. Umewahi, baba. Filamu ni saa tisa.”

“Si filamu.” Akaishika nguzo ya banda. “Mwakanyota alipewa maji siku ile ile. Hata machozi ya mama yalikuwa hayajakauka. Mimi ni wiki ya tatu. Kuna kitu alichosema ambacho mimi sikusema?”

Atupele ameacha kuandika ananitazama. Andika.

Hapo ndipo ningesema. Nilikuwa na maneno, na maneno ndiyo yaliyokuwa kazi yangu. Lakini niliona kwamba nikimwambia kweli, nitakuwa nimemwondolea hata ile nguzo aliyoishika. Nikamwambia: “Kila mama ana wakati wake. Ngoja.” Naye akanishukuru. Alisema “ndaga fijo,” akaondoka kungoja.

Alingoja miaka minne. Alihamia Busale kwenye kibanda cha mjomba wake, akalima peke yake, na kila Jumamosi alitembea mpaka Ikolo kutazama kama Mwakanyota bado yu mwema na mama mkwe wake. Nami nikawa sina budi kuwapatanisha upya kila wakati. Yule mama alipotokea kwenye picha akizungumza habari za mboga, mimi nilisema: “Mwanangu, tangu uliposema nalala usingizi.” Nilimwona Asajile akiinamisha kichwa akiyapokea yale maneno kama dawa. Jumamosi nyingi nilirudi nyumbani nikashindwa kula.

Uongo wa mfasiri una taabu yake, na nawaeleza kwa sababu kuna kati yenu wanaoufanya kwa kuchekesha watu. Katika sizoni ya sita alitokea mtu aliyeijua siri ya mlango, akawa anamtisha Mwakanyota. Lakini kwangu siri haikuwapo tena, ilikwisha kusemwa. Nikabanwa. Nikasema mtu huyu anadai ng'ombe wawili wa mahari ya dada yake.

“Ng'ombe watapandaje kwenye chombo?” akauliza Mzee Angolwisye.

“Wanaletwa na chombo cha nyuma.”

“Watakula nini huko juu?”

“Mzee, tutaona.”

Kwa sizoni nzima watu walingoja kuona ng'ombe. Kila chombo kipya kilipotokea kwenye picha, walijivuta mbele ya benchi.

Kisha zikaja sahani za sizoni ya kumi na mbili, ya mwisho. Nilizitazama peke yangu siku ya Jumatatu. Katika sahani ya mwisho kabisa yule mama mkwe aliletewa kifaa kilichohifadhi sauti za siku ile, akasikia mlango ukibonyezwa, akamsikia mwanawe akigonga. Mwakanyota alipokuja akampiga kofi, akamfungia mlango usoni. Sikuwa na maneno ya kuiwekea picha ile. Ng'ombe wasingetosha.

Na wiki ile ile nikasikia kwamba Asajile amekata tamaa. Mpunga wake amekwisha kuvuna, na Jumamosi, baada ya kutazama mwisho wa Mwakanyota, angepanda gari kwenda kuvuka Songwe akaishi Karonga, asirudi.

Siku ya Jumanne nilifunga safari ya Busale nimweleze yeye kwanza. Nikafika nusu ya njia, nikageuka. Jumatano nikafika karibu zaidi, nikaona moshi wa kibanda chake, nikageuka. Alhamisi miguu yangu ilinipeleka kwingine, kwa Bibi Subilaga. Nilimkuta akipeta mchele. Tulikuwa tumeimba kwaya moja miaka mingi, lakini tangu Jumatano ile Asajile aliposema uani, hakuniita jina, kwa kuwa alijua alitoka bandani kwangu.

“Nimekuja kutoa neno,” nikasema.

“Kwangu?”

“Kwako.”

Nikalitoa. Nikamweleza stelingi, mlango, mama wa kwenye picha, na maneno niliyomtia mtu kinywani, na kwamba Jumamosi ndiyo sahani ya mwisho. Hakuacha kupeta mpaka nilipomaliza.

“Kwa hiyo mkwe wangu alipokuja hapa uani,” akasema, “alikuwa anafuata maneno yako.”

“Maneno yalikuwa yangu. Jambo lilikuwa lake.”

“Na yule mama. Kwa kweli aliambiwa nini?”

“Kwamba mlango ulijifunga.”

“Akampa maji.”

“Akampa.”

Bibi Subilaga akauweka ungo chini. “Mimi nilimpa Asajile chai nyumba hii miaka minane. Krismasi nilimtilia nyama kabla ya wanangu, nikisema masikini, alimwona mwenzake akizama.” Akanitazama. “Wewe ulimwonea huruma nani? Mwakanyota wako, au wale wazee waliokuwa wanakusumbua?”

Swali hilo mpaka leo ninalitafutia jibu.

“Jumamosi saa ngapi?” akauliza.

Alikuja. Hakuwahi kukanyaga banda la video maishani mwake. Aliliita nyumba ya wavivu. Watu wakampisha benchi la mbele, kando ya Mzee Angolwisye. Asajile alikuwa amekaa nyuma kabisa, begi likiwa kati ya miguu yake. Alipomwona akataka kutoka, lakini mlangoni palijaa.

Sikuwasha. Nilisimama mbele ya televisheni nikawaambia. Niliwaambia kwamba Mwakanyota hakusema siku ile, wala siku nyingine yoyote. Kwamba maji aliyopewa alipewa kwa uongo. Kwamba kila neno jema lililosemwa na yule mama tangu hapo lilikuwa langu.

Kisha Mzee Angolwisye akauliza, taratibu:

“Kwa hiyo na ng'ombe hawakuwapo?”

“Hawakuwapo, mzee.”

“Hata wawili?”

“Hata mmoja.”

Akachukua kofia yake. “Miaka mitatu nimekuwa nikiwaeleza wajukuu zangu kwamba huko angani watu walitoa mahari ya ng'ombe,” akasema. “Binti, umenizeesha bure.” Akatoka, na nusu ya banda ikatoka naye. Wapo waliotema mate mlangoni. Wengine walibaki kwa kushangaa tu.

Asajile alikuwa amesimama.

“Mama,” akaniita kutoka nyuma. “Alipewa maji kwa kuficha?”

“Kwa kuficha.”

“Na mimi nikanyimwa kwa kusema.”

“Ndiyo, baba.”

Akaliinua begi. Mlango ulikuwa wazi sasa, hapakuwa na mtu wa kumzuia. Bibi Subilaga hakugeuka. Alikuwa akiitazama televisheni iliyozimwa.

“Ulisema Ipyana alikushika mguu,” akasema. “Hukusema kama aliita.”

Asajile akasimama pale alipokuwa.

“Hukuniuliza, mama.”

“Sasa nauliza.”

“Aliita. Aliita ‘shemeji’ mara mbili.”

“Na ya tatu?”

“Ya tatu maji yalikuwa yamemwingia kinywani. Sikuelewa aliloita.”

Bibi Subilaga akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeletewa kitu chake kilichopotea, kikiwa kimevunjika. Akaniambia: “Washa. Nataka kumwona huyo mwingine mwisho wake. Na usiongeze.”

Nikawasha. Nilitafsiri siku ile kama Bwana Gwakisa alivyonifundisha, nyuma ya picha, hatua moja. Mama wa kwenye picha akasikia sauti za mlango. Akampiga Mwakanyota kofi. Mwakanyota akafungua kinywa, nami nikasubiri, kwa maana hata baada ya kuitazama mara tano bado nilitumaini. Alisema tu: “Chombo kinaningoja.” Akaenda, akauokoa mji mkubwa kuliko yote, akafa humo. Hata kanuni ya stelingi ilivunjika siku ile. Wakamjengea sanamu, na watoto wakaiwekea maua. Yule mama akapita mbele ya sanamu asiitazame.

Nilipozima, Bibi Subilaga alibaki ameketi.

“Amekufa nalo,” akasema.

“Amekufa nalo.”

“Mwema kiasi kile.” Akasonya kidogo. “Watu wote wale amewaokoa, akashindwa kusimama uani kwa mama mmoja.”

Akainuka kwa shida, akitegemea benchi. Nje mvua nyepesi ilikuwa imenyesha tukiwa ndani na njia ilikuwa tope. Alisimama mlangoni akiipima njia kwa macho, kisha akanyoosha mkono kando, bila kumtazama mtu.

“Nani ananishika?” akauliza. “Nitateleza.”

Asajile aliweka begi chini, akamshika kiwiko. Walikwenda hivyo, hatua kwa hatua, wala sikuwasikia wakisemezana. Gari la mpakani lilipiga honi njiani, likangoja kidogo, likaondoka. Begi nililiingiza ndani nikalitunza, likakaa kwangu siku mbili mpaka Tumpe alipokuja kulichukua.

Banda lilikaa tupu miezi mitatu. Waliporudi, walirudi mmoja mmoja, na kila mmoja alikaa karibu na mlango. Mzee Angolwisye alikuwa wa mwisho. Nikafanya kazi miaka mingine sita na sikuongeza neno. Hata “Twende” niliiacha. Neno likinipita nilisema: “Hapo sikusikia.” Mwanzoni walinizomea. Baadaye wakazoea, wakawa wanabishana wao wenyewe alisema nini.

Na maji hayakupulizwa siku ile. Yalipulizwa baada ya mavuno ya mwaka uliofuata, uani kwa Bibi Subilaga, ukoo wote ukiwapo. Mimi sikualikwa, wala sikustahili kualikwa. Nilikuwa napita njiani na dumu la mafuta ya jenereta, nikasikia sauti ya Asajile, nikasimama nyuma ya migomba yao. Alikuwa anasema tangu mwanzo: mtumbwi, magunia, mkono wa Ipyana mguuni mwake. Alipofika kwenye teke akakwama. Hakuna aliyemsaidia, na midomo yangu, kwa mazoea yake, ikaanza kucheza yenyewe, neno likiwa limekwisha kunifika kwenye ulimi. Nikaiziba kwa kiganja. Nikangoja, nimeishikilia hivyo, mpaka akaendelea mwenyewe.